Picha iliyoshinda nilikuwepo ikipigwa, na moshi niliuwasha mimi. Niseme au ninyamaze?

Mshika Taa

Wakuu habari za muda huu. Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, naombeni mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Mi ni mpiga picha wa harusi na sendofu, siyo jina kubwa, ila mkate unapatikana. Mwezi wa tano jamaa mmoja tunayefahamiana, mwenye vifaa vya maana kuliko mimi, akanichukua kama msaidizi wa siku moja, elfu thelathini pamoja na nauli. Tukaenda kijiji kimoja cha pwani kati ya Tanga na Pangani. Tumefika saa kumi na moja alfajiri, ngalawa zimekaa mchangani, hakuna mvuvi hata mmoja anayefanya chochote cha kupigwa picha. Jamaa hakuonekana kushtuka wala nini, akafungua buti ya gari akatoa kimia (wavu wa kutupa kwa mkono) kipya kabisa, bado kina mikunjo ya dukani, akatoa na kofia ya ukindu iliyochakaa vizuri. Mimi nikaambiwa nikusanye makumbi ya nazi niyawashe upande unaotoka upepo ili moshi ukae juu ya maji kama ukungu. Nikawasha. Nilikohoa mpaka machozi lakini aisee ukungu ulitoka mzuri.

Mzee akaletwa. Siyo mvuvi, ni mgema, ndo alikuwa anashuka mnazini na kibuyu chake. Akapewa elfu kumi na kilo ya sukari, akavua shati, akaingia kwenye maji ya magotini, akafundishwa kutupa kimia. Akatupa kama mara thelathini au arobaini hivi mpaka kikafunguka duara, jua likiwa nyuma yake limetoka nusu. Klik. Picha kali, sikatai, mpaka leo nikiiangalia nasisimkwa.

Sasa wiki mbili zilizopita hiyo picha imeshinda nafasi ya kwanza kwenye shindano moja (silitaji), kundi la "maisha halisi", zawadi milioni tatu na lenzi. Masharti yao yameandikwa wazi kabisa kwamba picha isiwe ya kupangwa. Na chini ya picha pameandikwa kwamba huyu ni mvuvi mzee aliyetelekezwa na wanawe, anavua usiku na mchana apate mlo mmoja. Wanawe? Siku ile kuna mwanae wa kike alituletea chai na vitumbua pale pale ufukweni!

Niwe mkweli zaidi, na mimi nilituma picha zangu mbili kwenye hilo hilo shindano na hazikuvuka hata mchujo wa kwanza. Kwa hiyo sijui kama hiki kinachonichoma ni haki au ni wivu. Nisemeje? Niandikie waandaaji au ninywe maji nilale?

Nawasilisha.

---

Bishoo wa Ngamiani

Wivu. Umeshajijibu mwenyewe mstari wa mwisho, sisi tuongeze nini?

---

Kitambi Noma

Kwani picha gani haijapangwa mkuu? Mimi kwetu ukutani kuna picha ya babu na bibi wamepigwa studio, nyuma kuna pazia limechorwa ndege inapaa, babu kashika simu ya mezani ambayo waya wake hauendi popote. Babu hajawahi kupanda ndege maishani mwake, na hakuna aliyesema babu ni tapeli. Bibi harusi unamwambia geuka kidogo, cheka, shika maua juu, si unapanga? Acha watu wapate hela bana.

---

Mshika Taa

@Kitambi Noma hapo nakuelewa lakini babu yako hakupeleka ile picha kwenye shindano la marubani.

---

Kitambi Noma

Hahahaha duh. Haya.

---

Dawati la Picha

Mleta mada, nimekaa kwenye dawati la picha la gazeti miaka mingi, sasa ivi nimestaafu nalima matikiti, ngoja nikueleze mambo haya yanavyokuwa kule ndani maana wengi wanadhani majaji ni watu wenye darubini.

Nimewahi kuwa jaji mara mbili kwenye mashindano ya hapa hapa nchini. Mnafungiwa chumba cha mikutano cha hoteli, projekta, mapazia yamefungwa, picha mia sita na kitu. Mchujo wa kwanza kila picha inakaa ukutani sekunde tatu au nne, unanyanyua kidole au hunyanyui. Majina hamuoni, na hilo ni jambo jema, ila lina gharama yake kwamba hujui kabisa picha imetoka kwa nani na imetoka vipi. Ikifika saa nane mchana mmeshakula wali wa bufee, watoto wenye makamasi wote wanafanana, machweo yote yanafanana, hapo likija lolote lenye ukungu na mzee na jua nyuma, vidole vinanyanyuka vyenyewe. Nasema hivi nikiwa miongoni mwao. Nina hakika hiyo picha yako ya makumbi ningeinyanyulia kidole.

Na usidhani wakubwa hawadanganywi. Mwaka 2009 shindano la Wildlife Photographer of the Year, lile la makumbusho ya Natural History Museum London, mshindi mkuu alikuwa Mhispania José Luis Rodríguez na picha ya mbwa mwitu akiruka geti usiku. Picha ya ajabu kabisa, kama hadithi ya watoto. Wahispania wenzake wakaiangalia wakasema mbona huyu mnyama tunamjua, ni wa kwenye bustani ya wanyama karibu na Madrid, ana jina lake, Ossian, kazoea watu. Januari 2010 majaji wakamfuta, yeye akakanusha, lakini pauni 10,000 hakupata. Kosa lilikuwa wapi? Masharti yalikataza mnyama wa kufugwa. Angeipeleka kama picha ya matangazo nadhani hakuna ambaye angefungua mdomo.

Ikaja ya 2017, Mbrazili Marcio Cabral, kichuguu kinawaka taa za wadudu usiku na mnyama mla mchwa amekisogelea. Ikashinda kundi lake. Baadaye mtu akawatonya makumbusho kwamba huyo mnyama anafanana sana na aliyekaushwa, yule anayewekwa kwenye kituo cha wageni cha ile ile hifadhi ya Emas. Wataalamu wakakaa wakalinganisha mabaka, manyoya ya shingoni, mkao, wakasema ni yeye. Aprili 2018 ikafutwa. Na yeye alikanusha.

Sasa angalia, wote wawili hawakukamatwa na mitambo. Walikamatwa na watu wanaomjua yule mnyama. Ndo maana wewe uliyewasha makumbi ni muhimu kuliko jaji.

Ila nikuonye pia. Usikurupuke. Mwaka 2013 Paul Hansen wa Sweden alishinda World Press Photo, shindano kubwa la picha za habari duniani, kwa picha ya mazishi ya watoto Gaza, akaibuka mtu mtandaoni akasema hiyo picha imeunganishwa kutoka picha kadhaa, dunia nzima ikamrukia. Waandaaji wakaita wataalamu wa kuchunguza faili, wakakuta haijaunganishwa, kilichofanyika ni kurekebisha mwanga na rangi, basi. Lakini jina lilishachafuka, na mpaka leo kuna watu wanakwambia "ile ilikuwa feki". Kwa hiyo sema unachokijua kwa macho yako, usiongeze chumvi hata punje.

---

Chubwi

Mimi ni mvuvi, sina kamera, naomba kuuliza. Kwenye hiyo picha kamba ya kimia iko mkono gani?

---

Mshika Taa

@Chubwi ngoja niifungue niangalie… mkuu haipo. Hakuna kamba.

---

Chubwi

Nilijua. Kimia kinafungwa kamba kwenye kifundo cha mkono, ukikitupa bila kamba umekigawa baharini, utapiga mbizi kukifuata. Alafu huwezi kukitupa kwenye maji matupu eti kwa sababu jua limetoka, unasimama unaangalia maji, ukiona samaki wanachezacheza au maji yamebadilika rangi ndo unatupa. Hao majaji wangemuita mvuvi mmoja tu wakampa soda, angewaambia kwa sekunde hizo hizo tatu.

---

Dawati la Picha

@Chubwi hilo ni bao. Nimekaa naangalia picha za wavuvi miaka yote na sijawahi kufikiria kamba.

---

Mswahili wa Muscat

Assalam alaykum jamaani. Niko huku Oman mwaka wa kumi na moja, napiga picha wikendi tu, kujifurahisha. Hili jambo linanikumbusha lile la Dubai mwaka 2019, tuzo ya picha ya HIPA, ile ya Sheikh Hamdan, zawadi kubwa ilikuwa dola 120,000, wallahi hela ya kununua nyumba. Mada ilikuwa matumaini. Akashinda Mmalaysia Edwin Ong Wee Kee kwa picha ya mama wa Vietnam amekumbatia wanawe, macho yale ukiyatazama yanakuingia. Siku mbili tatu ikatoka picha nyingine ya nyuma ya pazia, kundi la wapiga picha wamemzunguka yule mama, kamera zimemwelekea yeye mmoja kama msanii kwenye zulia jekundu. Mshindi akasema hakupanga kitu, kwamba safari yao ilisimama tu pale njiani. Sina la kumtuhumu, pengine ni kweli. Lakini nilijiuliza, ikiwa tumesimama watu kumi tunapiga kitu kimoja, mmoja wetu akapata dola laki na ishirini elfu, yule mama yeye amepata nini?

Na haya ya wavuvi wa kupangwa ni biashara kabisa huko Asia. Ziwa Inle kule Myanmar kuna wanaume wanasimama kwa mguu mmoja juu ya mtumbwi na tenga kubwa wakisubiri watalii wenye kamera, uvuvi hawaufanyi tena hivyo, wanaweka pozi wanalipwa. Kuna na wale wazee wa China, mto Li, wenye ndege wavuvi na taa ya kandili, hivyo hivyo. Picha zao zimejaa kwenye mashindano. Kimia cha mleta mada kimetokea huko, jamaa kaiga tu akabadilisha kofia.

---

Nyakio

Hapa Nairobi tunaijua hiyo sana. Nimefanya kazi na wageni wanaokuja kupiga Kibera, wanakuja na picha tayari kichwani, wanatafuta tu mtu wa kuijaza. "Mtafutie mtoto asiye na viatu." Mtoto akija amevaa viatu anaambiwa avue. Si ni kweli? Wale mnafanya hii kazi mnajua.

Lakini sikubali ile maneno ya ati bila kupanga huwezi kushinda. World Press Photo ya 2020, picha ya mwaka, ilipigwa Khartoum tarehe 19 Juni 2019 na Yasuyoshi Chiba wa shirika la habari la AFP, jamaa alikuwa na ofisi yake hapa hapa Nairobi. Stima zimepotea, kijana amesimama katikati anakariri shairi la maandamano, mkono kifuani, na wenzake wanammulika na tochi za simu. Hakuna mtu alileta taa. Hakuna makumbi. Taa ni za wenyewe. Mimi kila nikiiona hiyo picha najiuliza ningekuwa pale si ningeharibu kwa kuwasha flashi.

Kitu ingine, kwa sheria. Hapa Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kamishna si mchezo, mwaka 2023 klabu moja ya hapa Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Mteja mmoja, akijiburudisha. Sasa wewe umechukua mzee wa watu ukasema ametupwa na watoto wake? Tanzania najua pia mko na yenu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Huyo mzee alitia sahihi kitu chochote?

---

Mshika Taa

@Nyakio hapana. Alipokea hela na sukari akasema ahsante. Hakuna karatasi iliyotoka.

---

Bishoo wa Ngamiani

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila safari hii naona aliyesifiwa ni mpiga picha na maji yalishatiwa kabla ya kusifiwa 😂

---

Pikseli

Nyie mnagombana na makumbi wakati wenzenu hawahitaji hata bahari. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliingiza picha iliyotengenezwa na akili mnemba kwenye Sony World Photography Awards, wanawake wawili wa kizamani, nyeusi na nyeupe, ikashinda kundi la ubunifu. Jamaa akaikataa zawadi mwenyewe, akasema alitaka kuwajaribu waandaaji kama wamejiandaa. Mwaka uliofuata ikawa kinyume chake, Miles Astray akachukua picha halisi kabisa ya korongo flamingo, ndege kainamisha kichwa akijikuna tumboni hadi anaonekana hana kichwa, akaiingiza kwenye kundi la picha za akili mnemba la shindano jingine. Majaji wakampa nafasi ya tatu na watu wakampigia kura akawa wa kwanza. Akajitaja, wakamfuta, kwa sababu picha yake ni ya kweli! Nilicheka nusu nianguke kitini.

Kwa hiyo mzee wa kimia angalau yupo, anapumua, maji ni maji. Mi nampa pointi hapo.

---

Dawati la Picha

@Pikseli umegusa penyewe bila kujua. Huyo wa flamingo alifutwa na picha yake ni ya kweli tupu. Kwa nini? Kwa sababu aliyesoma kundi aliambiwa kitu kingine. Kwangu mimi kupanga siyo dhambi na kuhariri siyo dhambi, dhambi ni yale uliyomuahidi mtazamaji. Mwaka 2014 Michael Nichols alishinda lile lile shindano la London kwa picha ya simba wa Serengeti, wale wa familia inayoitwa Vumbi, wamelala juu ya mwamba na watoto wao. Picha ni nyeusi na nyeupe, imepigwa kwa infraredi. Simba gani mweusi na mweupe? Hayupo. Lakini hakuna aliyedanganyika, unaona kabisa ni rangi zimeondolewa, na simba ni wale wale aliowafuata karibu miezi sita.

Upande wa pili kuna Mwitaliano Giovanni Troilo, 2015, World Press Photo. Alipiga mfululizo wa picha za giza giza kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji. Watu wakalalamika kuhusu picha ya binamu yake ndani ya gari, taa imewekwa mle ndani. Waandaaji wakaipitisha. Meya wa mji akalalamika kwamba mji wake umechafuliwa, wakaendelea kuitetea. Kilichomng'oa mwisho wa siku ni picha moja ambayo haikupigwa Charleroi, ilipigwa Molenbeek, Brussels, na maelezo yakasema ni Charleroi. Zawadi ikarudi. Taa walimsamehe, anwani hawakumsamehe.

Wakati mwingine hata maelezo siyo ya mpiga picha, yameandikwa na mtu mwingine, mpiga picha hachunguzi, mhariri naye hachunguzi.

---

Mama Abdul

Naomba niingie. Nimesoma yote toka juu. Mmeongea London, Dubai, Brussels, majaji, faili, sheria, wanaume mmejaa maarifa mashallah. Hakuna mmoja aliyeuliza kama yule mzee ameiona hiyo picha yake na ameyasoma hayo maneno. Mshika Taa umekaa wiki mbili unaumia roho, na kijijini ni nauli ya shilingi ngapi?

Mnakumbuka ile picha ya Sudan 1993, ya Kevin Carter, mtoto ameinama na tai nyuma yake? Ilipata Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka uliofuata. Dunia nzima iligombana miaka na miaka, mpiga picha alisaidia au hakusaidia, ni mnyama au ni mtu, na yeye mwenyewe akaja kujiua mwaka ule ule wa tuzo, Mungu amrehemu. Gazeti liliandika ni mtoto wa kike. Mwaka 2011 waandishi wa Hispania wakaenda kule kijijini wakamkuta baba yake, kumbe alikuwa wa kiume. Miaka kumi na minane watu wanamlilia mtoto na hakuna aliyejua hata ni wa kike au wa kiume! Kwa sababu wote walikuwa wanamuuliza mpiga picha.

Nenda kamuulize mzee.

---

Kitambi Noma

Mama Abdul kaua. Mi nimekaa kimya.

---

Mshika Taa

Mama yangu nimekusikia. Jumapili naenda.

---

Pikseli

Chukua na faili zako za siku ile, maana najua msaidizi hakosi picha za simu za nyuma ya pazia.

---

Mshika Taa

Ninazo. Kuna moja mimi niko nyuma kwenye moshi nimeshika kipande cha boksi napepea, na kuna video ya sekunde kumi na tano mzee anatupa kimia kinamwangukia kichwani watu wote wanacheka.

---

Mshika Taa

Wakuu nimerudi, samahani kimya kimekuwa kirefu, bando lilikata na pia sikujua nianzie wapi kuandika.

Nilifika saa nne asubuhi. Mzee yuko uani anasafisha vibuyu, mwanae yuko jikoni na karai la vitumbua, wajukuu wanne watano wanazunguka. Nikasalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, umerudi na wenzako? Nikamwambia peke yangu. Nikamuonyesha picha kwenye simu. Wakuu, mzee aliifurahia! Akaivuta karibu na macho, akaipeleka mbali, akaita majirani, akasema "hebu nioneni nilivyo, kama kijana". Alikuwa hajui kabisa kwamba ilipelekwa kwenye shindano. Nikamwambia imeshinda, akauliza imeshinda nini, nikataja milioni tatu, akanyamaza kidogo akasema "na mimi nilipewa elfu kumi na sukari." Hakusema kwa hasira. Ni kama mtu anahesabu nazi.

Nikajipa moyo kwamba hapa pamekwisha salama. Sasa mjukuu wake mkubwa, yuko darasa la sita, akaninyang'anya simu akaanza kusoma yale maelezo kwa sauti, ile sauti ya kusoma shuleni, neno kwa neno. "Ame-te-le-ke-zwa na wa-na-we." Mama yake akatoka jikoni na kijiti cha kugeuzia vitumbua bado anacho mkononi, kinadondosha mafuta. Akasema rudia. Mtoto akarudia.

Mzee akaangalia ua mzima, akamwangalia binti yake, wajukuu, mimi, akauliza: "Nimetelekezwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Yule dada akaingia ndani, akatoka na simu yake, akanionyesha miamala, kila mwezi kaka yake aliyeko Dar anatuma. Anionyeshe mimi kwani mimi ni nani? Lakini alikuwa ananionyesha huku mkono unatetemeka, mmoja baada ya mwingine, mpaka vitumbua vikaungua.

Nikawauliza wanataka nifanye nini. Dada akasema picha haina neno, baba ameipenda, ila hayo maneno yafutwe na ijulikane baba ni mgema. Mzee akaongeza kwamba kimia hajui kutupa na asingependa wavuvi wa pale wamcheke, maana wameshaanza.

Jioni nikampigia jamaa. Kwanza alicheka, akaniambia "majaji wanapenda stori, bila stori unatoka kapa", alafu nilipomwambia nilikuwa kwa mzee akabadilika, akaniuliza shilingi ngapi nataka. Nikakata simu. Usiku nikawaandikia waandaaji, nimeweka ile picha yangu nikiwa kwenye moshi, na ile video, na nimeandika jina langu kamili na kwamba makumbi niliwasha mimi nikalipwa elfu thelathini. Nilichoomba cha kwanza ni maelezo yafutwe, mambo ya zawadi waamue wenyewe. @Dawati la Picha sijaongeza chumvi. @Chubwi nimewaandikia na habari ya kamba.

Wamejibu mstari mmoja, wamepokea na wanaufanyia kazi. Maelezo mpaka naandika hapa bado yapo.

Kama kuna kazi yoyote nimeikosa kwa ajili ya hili nitajua mbele ya safari, jamaa ana watu wengi mjini.

---

Mama Abdul

Mungu akulipe mwanangu. Na vitumbua ulilipia?

---

Mshika Taa

Nilinunua vyote mama, na vilivyoungua.

Alafu nina shida moja ya mwisho. Mzee anataka hiyo picha kubwa aweke sebuleni, ile ile, bila maneno. Kuna mtu hapa Tanga mjini anaprinti vizuri kwa bei ya kueleweka?

---

Bishoo wa Ngamiani

Njoo barabara ya nane, uliza studio iliyo pembeni ya fundi viatu. A3 nakufanyia elfu saba. Ya mzee bure, fremu utatafuta mwenyewe.